Mnachoma makopo, ngozi mnamwachia nani?

Barua ya wazi kwa Shirika la Viwango la Taifa la Uganda (UNBS), Mamlaka ya Taifa ya Dawa (NDA) na Baraza la Wilaya ya Kasese

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu jambo lenyewe ni la mpakani, na hapa Mpondwe ndiyo lugha inayowakutanisha Mkonzo wa Bwera, Mnande wa Kasindi na dereva wa lori aliyetoka Mombasa. Nakala ni ya ndugu zetu wa OCC, wakaguzi wa bidhaa upande wa Kongo. Mzigo ninaousema hupita kwao kabla ya kuwafikia ninyi, na siku nyingine hupita kwenu kwanza ukielekea kwao.

Mzigo wenyewe mnaujua. Ni mafuta ya kung'arisha ngozi: ya kopo, ya tyubu, ya chupa, na yale yasiyo na jina yanayochotwa kwa kijiko kutoka kwenye ndoo. Kila baada ya muda mnaingia madukani, mnakusanya, mnapiga picha, mnachoma. Sina ugomvi na moto huo. Ugomvi wangu ni na kesho yake asubuhi, wakati mama mwenye madoa mashavuni bado anayo madoa yake, kijana mwenye chunusi bado anazo chunusi zake, na meza nyingine imeshapangwa hatua chache kutoka pale mlipowasha.

Redioni na makanisani mnunuzi wa mafuta haya husemwa kwa namna moja tu, kwamba anaukimbia weusi wake. Wapo wa namna hiyo, na sitawatetea wala kuwatukana. Matangazo, mashindano ya urembo na wachumba wenye ndimi mbovu wamewafundisha hivyo tangu zamani. Lakini simama kando ya duka la vipodozi siku ya soko usikilize watu wanaomba nini. Wengi hawaombi weupe. Mmoja anaomba "kitu cha kutoa madoa" yaliyomtokea alipobeba mimba ya pili. Mwingine ana choa shingoni, mwingine michirizi tumboni, mwingine vipele vya ndevu kila akinyoa, mwingine mtoto anayejikuna usiku kucha. Mwanafunzi wa sekondari anaficha uso wenye chunusi kwa kiganja anapoongea na muuzaji. Hao ni wagonjwa, waheshimiwa. Wamekuja dukani kama ambavyo wangekwenda kwa mganga au zahanati, ila dukani hakuna foleni na bei inajulikana.

Na jambo linalowaponyoka wanaohubiri ni kwamba mafuta yale yanafanya kazi. Yanafanya kazi upesi, na hapo ndipo hatari ilipo.

Chukueni tyubu ndogo yenye klobetasoli. Hiyo ni steroidi kali, miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote zinazopakwa juu ya ngozi, na daktari akiiandika huiandika kwa sehemu ndogo na kwa muda mfupi, wiki mbili hivi. Mama akiipaka usoni, siku chache tu muwasho umetulia, uvimbe umeshuka, madoa yamefifia na uso umeng'aa. Jirani anauliza siri. Kwa hiyo anaendelea, mwezi, miezi, miaka. Ngozi inakuwa nyembamba hadi mishipa inaonekana, michirizi myekundu inatokea mapajani na mikononi, chunusi zinarudi kwa wingi kuliko za mwanzo. Kama alikuwa na choa, steroidi hukituliza juu juu na kukiacha kitambae chini kwa chini, kikibadilika sura hata mhudumu wa afya asikitambue. Akiipaka mwili mzima kwa muda mrefu, dawa huingia damuni: presha, sukari, uso kuvimba. Siku akipasuliwa ili kujifungua, kidonda hukawia kufunga. Na akijaribu kuacha ghafla, uso huwaka na kuwasha kuliko alipoanza, basi hurudi dukani mbio na kusema haya ndiyo mafuta pekee yanayonipenda.

Ninyi waheshimiwa wa NDA mtasema, kwa haki kabisa, kwamba klobetasoli ni dawa na haipaswi kuuzwa kwenye meza ya hereni na nywele za bandia. Waheshimiwa wa UNBS watasema wao hushughulika na vipodozi, na kwamba kopo la haidrokwinoni, kemikali inayochubua rangi ya ngozi, ndilo lao. Haya, tyubu na kopo vimekaa bega kwa bega kwenye meza moja, vimeuzwa na mtu mmoja, na mara nyingi vitachanganywa kwenye bakuli moja nyumbani. Watanzania wana jina la mchanganyiko huo, mkorogo, na wanaujua vizuri maana serikali yao imekuwa ikipiga marufuku vipodozi vya aina hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sheria iliyoanzisha NDA ni ya 1993, ya UNBS ni ya 1983, na muuzaji wa Mpondwe anaishi kwa raha katika nafasi iliyobaki kati ya sheria hizo mbili. Anayekuja na gari la vipodozi hana habari na dawa. Anayekuja na gari la dawa hukagua maduka ya dawa. Meza ya mafuta inasubiri wote wapite.

Haidrokwinoni nayo ina historia inayofaa kusimuliwa hapa, kwa sababu inaonyesha kwamba haikuanza na urembo. Mwishoni mwa miaka ya 1930, katika kiwanda cha ngozi za wanyama huko Marekani, wafanyakazi weusi waliokuwa wakivaa glavu za mpira walianza kubabuka rangi mikononi. Kilichowababua kilikuwa kemikali ya jamii ya haidrokwinoni iliyotiwa kwenye mpira ili usichakae haraka. Ajali ya kazini! Haukupita muda mrefu, jamii hiyo hiyo ya kemikali ikawa bidhaa, ikaja Afrika ndani ya kopo lenye picha ya mwanamke anayetabasamu. Mwaka 1975 daktari Findlay wa Afrika Kusini alieleza kilichowapata waliotumia mafuta hayo kwa miaka: madoa meusi ya rangi ya majivu na buluu, mazito, yenye chembe chembe, kwenye mashavu na paji la uso. Madaktari huiita hali hiyo okronosisi. Mtu aliyekwenda kutafuta weupe anaishia na weusi ambao hakuzaliwa nao, na huo hautoki kwa kupaka kitu. Jua huuchochea zaidi. Sisi tunaishi kwenye ikweta yenyewe, mstari unapita Kikorongo mnapokata kwenda Mbarara. Rangi anayoichubua mtu hapa ndiyo kinga yake. Afrika Kusini ilipiga marufuku mafuta ya kung'arisha mwaka 1990, ikawa ya kwanza duniani.

Zebaki, inayotiwa pia katika mafuta haya, ni mbaya zaidi, na Afrika Mashariki hatuwezi kusema hatukuonywa. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika British Medical Journal kuhusu watu wazima waliokuwa wakivimba mwili kwa sababu figo zao zilivujisha protini. Wengi wao walikuwa wakipaka mafuta yenye zebaki, na baadhi walipata nafuu walipoacha. Miaka ya 1990 alikuja Ziwa Viktoria Harada Masazumi, daktari Mjapani aliyewahudumia kwa miaka mingi waathirika wa Minamata, mji wa wavuvi uliolishwa samaki wenye zebaki iliyomwagwa na kiwanda. Alikuja kupima wachimba dhahabu na wavuvi. Nywele zilipopimwa, viwango vya juu vya kutisha vilionekana kwa watu ambao dhahabu haikuwahusu: ilikuwa sabuni. Sabuni za kung'arisha za namna hiyo zilitengenezwa Ulaya, wakati Ulaya ilikuwa imeshawakataza watu wake wenyewe kuzitumia. Mkataba wa dunia dhidi ya zebaki umechukua jina la mji ule ule, Minamata, na ulianza kutumika tarehe 16 Agosti 2017. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa kabisa zebaki katika vipodozi ifikapo 2025. Huo mwaka umeshafika.

Zebaki haikai kwa anayeipaka peke yake. Hubaki kwenye taulo, mto, shuka, na hupanda hewani ndani ya chumba. Mtoto anayebebwa mgongoni anaipata bila kupaka chochote. Akina mama wangeambiwa hili tu, bila neno hata moja la kuwasuta kuhusu weupe, nina hakika makopo mengi yangetupwa chooni siku hiyo hiyo. Na kuna dalili moja ya bure ambayo mtu asiyejua kemikali anaweza kuitambua: mafuta ambayo maelezo yake yanamwonya mtumiaji asiyagusishe na dhahabu, fedha au aluminiamu yashukiwe, kwa kuwa zebaki hushika metali hizo. Lakini onyo hilo limeandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza, kwa herufi ndogo za kusomwa kwa darubini.

Sasa nirudi mpakani. Mtaniambia kwamba mpaka huu haukaguliki, kwamba njia za panya ni nyingi na Mto Lhubiriha unavukwa kwa miguu kiangazi. Nakubali ni nyingi. Lakini msiniambie hamzijui. Ebola ilipokuwa Beni na Butembo, upande wa Kongo, kuanzia 2018, vijana wa Msalaba Mwekundu walikaa kwenye njia hizo hizo na vipima joto na ndoo za maji ya klorini. Juni 2019, mtoto aliyevuka na familia yake alipogunduliwa katika hospitali ya Kagando na kupelekwa ya Bwera, mji mzima ulijua ndani ya saa chache nini cha kufanya na nani wa kumpigia simu, kwa Lhukonzo na kwa Kiswahili. Iliyofanya hivyo ni serikali hii hii. Kwenye mto huo huo imewahi kufanyika kazi ya ngozi: bonde la Lhubiriha limo katika maeneo ya usubi ambayo Uganda ilianza mpango wa kuyasafisha mwaka 2007, ugonjwa ule wa nzi wa mtoni unaopofusha macho, unaowasha usiku na mchana na kuiacha ngozi ya miguu na madoadoa kama ya chui. Wajumbe wa vijiji waligawa dawa nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyemtukana mgonjwa wa usubi kwa kujikuna.

Nasema haya huku nikijua kwamba wilaya hii ina mizigo mizito kuliko mafuta. Tulizika wanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Lhubiriha waliouawa na waasi mwezi Juni 2023. Mto Nyamwamba umebomoa hospitali ya Kilembe. Anayesoma barua hii anaweza kuuliza kama chunusi ni jambo la kuandikia serikali. Namjibu hivi: muulize msichana anayekataa kwenda shule, muulize mchimba chumvi wa Katwe ambaye miguu yake imepasuka kwa maji ya ziwa na kila kidonda kinachelewa kupona. Ngozi ndiyo inayomfanya mtu atoke nyumbani au ajifungie.

Kwa hiyo ninaomba mambo ambayo si makubwa.

La kwanza, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko mengine yote: wekeni mtu wa ngozi Bwera. Sidai daktari bingwa. Mabingwa wa ngozi Uganda ni wachache, na wengi wao wako Kampala na Mbarara, ambako nauli ya kwenda na kurudi pekee inanunua mafuta ya miezi. Pale Moshi, Tanzania, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, RDTC, kilichofunguliwa mwaka 1992 kwa shabaha hii hasa: kuwachukua maafisa tabibu na wauguzi kutoka nchi za Afrika, kuwafundisha ngozi kwa miaka miwili, na kuwarudisha wilayani kwao. Baraza la Wilaya, mtafutieni mmoja wa kwetu nafasi pale. Akirudi awe na siku yake moja kila wiki Bwera na nyingine Kagando, na siku hiyo iwe siku ya soko, wakati watu wameshashuka kutoka milimani. Chunusi zina dawa ya bei nafuu. Choa kina dawa. Madoa ya ujauzito mengi hufifia yenyewe polepole baada ya kujifungua, ikiwa mtu atajikinga na jua. Michirizi haiondoki kwa mafuta yoyote, na mtu mwenye koti jeupe akimwambia mama hivyo kwa upole atamwokolea pesa nyingi. Na wale ambao wameshaungua kwa steroidi wanahitaji mtu wa kuwashika mkono wakati wa kuacha, maana kuacha kunauma.

Katika kituo hicho hicho cha Moshi ndiko ilikoanza kutengenezwa losheni ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, iitwayo KiliSun. Sijui kwa nini losheni ya kukinga jua iwe adimu kwenye maduka yaliyo karibu na ikweta kuliko mafuta ya kuondoa kinga ya ngozi yenyewe. Watu wenye ualbino wa Kasese wangeifurahia, na huyo mama wa madoa pia.

La pili ni lenu UNBS na NDA, na ni la pamoja. Fanyeni ukaguzi wenu siku moja, gari moja. Zipo mashine za mkononi zinazoonyesha zebaki kwenye kopo kwa dakika chache bila kulipeleka maabara. Moja ikae Mpondwe. Kisha tangazeni matokeo kwa picha. Orodha ya majina haitusaidii, kwa kuwa jina hubadilika kila mzigo mpya ukiingia, na muuzaji akiulizwa husema hii si ile. Picha ya kopo, mbele na nyuma, ibandikwe kwenye ubao wa soko, kwenye lango la forodha, kwenye ukuta wa zahanati, na isomwe kwenye redio za Kasese kila Ijumaa. Mkishirikiana na OCC ya Kasindi, picha hiyo hiyo ibandikwe ng'ambo. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Jumuiya ina kiwango chake cha vipodozi, EAS 377, ambacho sehemu yake ya kwanza imeorodhesha yaliyokatazwa. Bunge la Jumuiya lilitaka haidrokwinoni ipigwe marufuku ukanda mzima tangu Februari 2019. Karatasi zipo za kutosha. Kinachokosekana ni karatasi yenye picha, iliyobandikwa mahali mama anaposimama.

La tatu litawaudhi baadhi yenu. Acheni kumkimbiza mama mwenye beseni. Yule anayetembeza tyubu kumi na mbili kichwani ndiye anayeonekana kwenye kila operesheni, kwa sababu hawezi kukimbia na beseni. Mwenye shehena hayupo sokoni. Yuko kwenye simu, Kampala au Butembo, na mzigo wake hausafiri kwa beseni, husafiri kwa lori lenye nyaraka zilizopigwa muhuri. Mkimkamata yule wa beseni mmemnyima mtaji wa wiki, naye atakopa na kuanza upya, pengine kwa bidhaa mbaya zaidi kwa kuwa ndiyo yenye faida ya haraka. Mpeni bidhaa mbadala na muda wa kubadilisha. Wauzaji wengi nao wanapaka. Nyuso zao ndizo tangazo lao. Wao pia waje kwa huyo mtu wa ngozi.

Nisingependa pia msahau biashara mpya inayonyemelea miji yetu kutoka Kampala: sindano na dripu za kung'arisha, wanazoziita glutathaioni. Kopo lina angalau lebo. Sindano haina hata hiyo, na sindano iliyochomwa na mtu asiye muuguzi inaweza kuleta homa ya ini au Virusi vya Ukimwi kabla haijaleta weupe wowote. Hilo NDA mlikate mapema, kabla halijapata mizizi Bwera.

Kwa wale wanaoupenda weupe kwa ajili ya weupe, hawatakosekana. Sijui sheria itakayobadilisha macho ya mtu. Lakini nina hakika ni wachache kuliko tunavyowapigia kelele, na kwamba tukiwatoa kwenye foleni wagonjwa waliokwama pamoja nao, meza ile itapungua wateja kwa namna ambayo moto wenu haujawahi kuipunguza.

Nina swali moja la kuanzia, na jibu lake naomba lisomwe katika kikao cha baraza na kubandikwa kwa Lhukonzo na Kiswahili kwenye lango la soko. Kesho mtu akiwa na kopo nyumbani ambalo analiogopa, bila kutaka kukamatwa wala kuchekwa, alipeleke ofisi ipi, siku gani, na atampa nani?

Wenu,
Mkazi wa Mpondwe-Lhubiriha